Kuacha Kizuia Jasho na Kuhamia Deodoranti ya Asili: Mwongozo kwa Mkazi wa Lubumbashi

Wengi wanaotaka kuachana na kizuia jasho huanza kwa kutafuta kopo jipya la kuchukua nafasi ya lile la zamani, wakitarajia kwamba litafanya kazi ileile kwa kutumia viungo vya asili. Halitaifanya. Kizuia jasho na deodoranti ni vitu viwili tofauti, ingawa katika maduka ya Lubumbashi huuzwa kwenye rafu moja, vikiwa na umbo moja la bilye (kijipira kinachozunguka) au la spreyi, na mara nyingi chini ya jina moja. Cha kwanza hupunguza jasho lenyewe. Cha pili huliacha jasho litoke na kushughulikia harufu peke yake. Anayehama anapaswa kujua mapema kwamba makwapa yake yatalowa, na kwamba kazi iliyokuwa ikifanywa na chumvi za alumini sasa itagawanywa kati ya sabuni, nguo na kopo dogo la mafuta. Kwa maoni yangu kopo ndilo lenye kazi ndogo zaidi kati ya hivyo vitatu, na ndiyo maana katika mwongozo huu limewekwa baada ya maji na sabuni.

Kinachotokea kwapani

Ngozi ya kwapa ina tezi za jasho za aina mbili. Aina ya kwanza imeenea karibu mwili mzima, na hutoa maji yenye chumvi kidogo ambayo kazi yake ni kuupoza mwili. Aina ya pili hupatikana hasa kwapani na sehemu za siri, huanza kufanya kazi mtu anapobalehe, na hutoa majimaji mazito kidogo yenye mafuta na protini. Yote mawili yanapotoka huwa karibu hayana harufu. Kikwapa huzaliwa pale bakteria wanaoishi juu ya ngozi, hasa wa jamii ya Corynebacterium na baadhi ya Staphylococcus, wanapoyavunjavunja majimaji hayo na kuacha asidi na misombo ya salfa inayonuka hata ikiwa kidogo mno. Ndiyo maana mtoto wa miaka sita huweza kucheza mpira juani mchana kutwa akarudi nyumbani na vumbi tele lakini bila kikwapa.

Chumvi za alumini zilizomo katika kizuia jasho huyeyuka ndani ya jasho, hugeuka kuwa kitu kizito kinachotelezateleza, kisha huziba kwa muda midomo ya vijia vya jasho. Vizibo hivyo hutoka vyenyewe ngozi inapojichubua na kujifanya upya. Nchini Marekani, kizuia jasho huhesabiwa kuwa dawa inayouzwa bila agizo la daktari, ilhali deodoranti huhesabiwa kuwa kipodozi. Na kizuia jasho kinachodai kufanya kazi siku nzima hutakiwa kupunguza jasho kwa asilimia 20 tu. Hata anayekipaka kila asubuhi, basi, bado anatoka jasho, isipokuwa anatoka kiasi ambacho shati lake limezoea kukificha.

Hatua ya kwanza: ijue sababu yako

Sababu inayosambazwa zaidi, hasa katika jumbe za WhatsApp, ni hofu ya saratani ya matiti. Hofu hiyo inaeleweka, kwa kuwa kwapa liko karibu na titi, lakini utafiti uliofanyika haujathibitisha kwamba kizuia jasho husababisha saratani hiyo. Mwaka 2020, kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya inayochunguza usalama wa vipodozi ilipitia suala la alumini na kuhitimisha kwamba inaweza kutumika kwa usalama katika bidhaa za kwapa kwa viwango ilivyovitaja. Asiye na sababu nyingine zaidi ya hofu hiyo hana haja ya kutupa kopo lake kwa pupa. Aliye na ugonjwa wa figo ana hali tofauti: figo ndizo zinazotoa alumini mwilini, na kwa hiyo anapaswa kumuuliza daktari wake kabla ya kuendelea kutumia bidhaa zenye chumvi hizo.

Zipo sababu nzuri ambazo hazihitaji kumtisha mtu. Ngozi ya wengine huwasha au hutoka vipele kwa kizuia jasho. Mashati meupe hupata madoa ya manjano kwapani, na alumini ikichanganyika na jasho ina mchango mkubwa katika madoa hayo. Wako wasiopenda tu kuziba vijia vya jasho, na wako wanaotaka kutumia vitu ambavyo wanaweza kuvitaja kimoja kimoja. Ni vyema kuijua sababu yako kabla ya kununua chochote, kwa sababu ndiyo itakayokuambia kama jiwe la shabu linakufaa au halikufai, kama itakavyoonekana katika hatua inayofuata.

Hatua ya pili: geuza kopo usome nyuma

Bidhaa za dukani Lubumbashi huingia kwa njia nyingi, na sehemu kubwa hupitia mpaka wa Kasumbalesa zikitoka Zambia na Afrika Kusini. Kwa hiyo kopo moja litakuwa na maandishi ya Kifaransa na jirani yake maandishi ya Kiingereza. Mbele ya kopo tafuta neno "anti-transpirant" au "antiperspirant". Lisipokuwepo usiridhike, geuza kopo na usome orodha ya viungo, ambamo majina ya kemikali huandikwa karibu sawa katika lugha zote. Jina linaloanza na Aluminum au Aluminium, kama vile Aluminum Chlorohydrate, kwa kawaida linakuambia kwamba ulichoshika ni kizuia jasho hata kama mbele pameandikwa "déodorant" kwa herufi kubwa na pamechorwa jani la kijani. Neno "naturel" peke yake halikuhakikishii chochote.

Jiwe la shabu, ambalo wauzaji wengi hulitaja kwa Kifaransa kama "pierre d'alun", linahitaji maelezo yake. Hulowanishwa, hupakwa kwapani, na kwa wengi hufanya kazi vizuri, kwa kuwa hukaza ngozi na kuwadhoofisha bakteria. Ni bei nafuu na hudumu muda mrefu. Lakini shabu ni chumvi ya potasiamu na alumini, na kwenye orodha ya viungo huandikwa Potassium Alum. Baadhi ya makopo yenye shabu hutangaza kwamba hayana "chlorhydrate d'aluminium", jambo ambalo ni kweli, kisha humwachia mnunuzi ahitimishe mwenyewe kwamba hayana alumini kabisa, jambo ambalo si kweli. Kama shida yako ilikuwa vipele au manukato makali, shabu ni chaguo la heshima. Kama sababu yako ilikuwa kuiepuka alumini, liache jiwe hilo mahali pake.

Hatua ya tatu: chagua majira

Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu jambo hili umeandikwa kwa nchi zenye majira manne, nao hautusaidii. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, na kiangazi chake ni cha baridi: katika Juni na Julai usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, watu hutoka asubuhi na masweta, na jasho huwa kidogo. Kuanzia Septemba joto hupanda, na Oktoba, kabla ya mvua za Novemba kukolea, mchana hupita nyuzi 30. Anayeanza Juni hupata miezi mitatu ya kujifunza kabla ya mtihani wenyewe. Anayeanza Oktoba, ndani ya taksibasi iliyojaa, mkono ukiwa umeshika chuma cha juu, atarudi kwenye kopo lake la zamani kabla ya wiki kwisha. Kwa ndugu zetu wa Bukavu na Goma, ambako hali ya hewa ya Ziwa Kivu haibadiliki sana mwaka mzima, hatua hii haina uzito mkubwa.

Ndani ya majira hayo, epuka wiki yenye harusi, mtihani wa Serikali au mahojiano ya kazi. Siku nzuri ya kuacha ni ile inayofuatiwa na siku mbili tatu za kukaa nyumbani.

Hatua ya nne: acha, na uvumilie kipindi cha katikati

Unaweza kuacha mara moja au kupunguza taratibu, kwa mfano kupaka kizuia jasho siku moja na kuruka siku mbili. Kuacha mara moja ni rahisi zaidi kufuatilia, kwa kuwa hujui kinachofanya kazi ukiwa unachanganya vitu viwili. Kupunguza taratibu kunawafaa wanaosimama mbele za watu kila siku, kama walimu na wahudumu wa benki, ambao hawana nafasi ya kujificha.

Katika siku za kwanza jasho huongezeka kadiri vizibo vinavyotoka, na wengine husema kwamba harufu huwa kali kuliko walivyoizoea. Kwa sehemu ni kwamba mtu alikuwa amesahau makwapa yake yanavyokuwa bila kuzibwa. Kwa sehemu nyingine ni kwamba idadi ya bakteria inabadilika kweli. Utafiti mdogo wa North Carolina, Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, ulilinganisha watu 17 waliokuwa wakitumia kizuia jasho, deodoranti au wasiotumia kitu chochote. Waliokuwa wakitumia kizuia jasho walianza na bakteria wachache, na walipoacha, bakteria waliongezeka hadi wakakaribiana na wa wenzao baada ya siku sita hivi. Ila aina za bakteria hao hazikuwa zilezile. Kwa hiyo wiki ya kwanza si kipimo cha haki. Wengi huona hali imetulia kati ya wiki ya pili na ya nne, na kila mwili una mwendo wake.

Hapa ndipo wauzaji wa "kusafisha sumu" hupata wateja. Hupendekeza tope la udongo lipakwe kwapani eti livute alumini na sumu nyingine zilizonaswa. Kwapa si mlango wa kutolea sumu. Kazi hiyo ni ya ini na figo. Pemba, yaani udongo mweupe unaouzwa sokoni kwa ajili ya kuliwa, haisaidii chochote hapa, na kwa kuwa haijasafishwa kwa ajili ya ngozi, inaweza kuleta uchafu na michubuko mahali ambapo ngozi ni laini.

Hatua ya tano: kuoga, ambako ndiko kwenye kazi

Mtu aliyetumia kizuia jasho kwa miaka mingi mara nyingi amezoea kupitisha sabuni kwapani haraka kama anavyopitisha begani. Sasa kwapa litahitaji uangalifu zaidi. Lisugue kwa povu na vidole au kwa kitambaa laini, liache povu likae kwa muda wa kuosha mkono mzima, kisha suuza mpaka utelezi uishe. Mabaki ya sabuni huwasha ngozi, hasa yakikutana na bikaboneti baadaye. Sabuni ya kawaida isiyo na manukato makali inatosha. Sabuni za kuua vijidudu hazina haja kwa kila mtu, na zikitumika kila siku hukausha ngozi.

Ogeni asubuhi na jioni kama maji yapo, lakini maji yakiwa ya shida na ndoo ni moja, mimi ningechagua jioni. Anayelala na jasho la mchana huwapa bakteria usiku mzima wa kufanya kazi, kisha asubuhi hupaka deodoranti juu ya harufu iliyokwisha kuzaliwa, na hakuna deodoranti ya asili inayoweza kuifuta harufu ya namna hiyo. Asubuhi, bakuli moja la maji na kitambaa chenye sabuni kwa ajili ya makwapa peke yake vinatosha, mradi kitambaa hicho kifuliwe na kuanikwa juani kila siku.

Baada ya kuosha, kausha. Jambo hili hupuuzwa kuliko mengine yote. Bakteria hupenda unyevu, na mafuta hayashiki juu ya ngozi iliyolowa. Futa kwa taulo kavu lako mwenyewe, kisha inua mikono au kaa bila shati kwa dakika chache kabla ya kupaka kitu. Nywele za kwapani si lazima zinyolewe. Kuzipunguza kwa mkasi kunasaidia, kwa sababu nywele ndefu hushika jasho na mabaki ya mafuta. Ukinyoa kwa wembe, nyoa jioni, usipake chochote chenye bikaboneti hadi asubuhi, na wembe usiwe wa pamoja.

Kuna vitu viwili vya nyumbani ambavyo watu hujipaka kwapani kwa nia njema na ambavyo havifai. Cha kwanza ni ndimu au limau. Asidi yake huwadhoofisha bakteria, ni kweli, lakini ganda na maji yake yana kemikali ambazo zikipigwa na jua juu ya ngozi huunguza na kuacha mabaka meusi yanayokaa wiki au miezi; aliyevaa nguo isiyo na mikono mchana wa Lubumbashi yuko hatarini zaidi. Cha pili ni javel, hata iliyozimuliwa. Javel ni ya sakafu, choo na nguo nyeupe.

Hatua ya sita: kutengeneza kopo lako

Anayetaka kununua anunue, baada ya kusoma orodha ya viungo kama ilivyoelezwa. Kutengeneza nyumbani kuna faida ya bei na ya kuweza kurekebisha vipimo kulingana na ngozi yako na majira. Viungo ni vinne tu.

Cha kwanza ni mafuta yanayoganda, nayo kwa kawaida ni mafuta ya nazi. Huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo Julai utayakuta yameganda koponi na Oktoba yatakuwa maji. Siagi ya karite hufaa pia na huvumilia joto zaidi. Mafuta mekundu ya mawese yasitumike. Ni chakula kizuri, lakini rangi yake haitoki kwenye nguo.

Cha pili ni maizena, yaani wanga laini wa mahindi unaouzwa kwenye pakiti. Hunyonya unyevu kidogo na kupunguza utelezi wa mafuta. Unga wa bukari (ugali) haufai badala yake, kwa kuwa punje zake ni kubwa na hukwaruza.

Cha tatu ni bikaboneti ya soda, na hapa naomba msomaji atulie. Sokoni, iwe soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi au soko la Mzee Kabila, anayeuza viungo vya kupikia anaweza kukaa karibu na anayeuza vifaa vya kutengenezea sabuni, na neno "soude" hutumika kwa bikaboneti na kwa soda kali ya sabuni vilevile. Soda ya sabuni huunguza ngozi hadi kuacha jeraha, na vipande au unga wake ni mweupe vilevile. Uliza waziwazi: "Mama, hii ni bikaboneti ya kupikia, ao ni soude ya kupika sabuni?" Kama jibu lina mashaka, au kama bidhaa imefungwa kwenye mfuko usio na maandishi, nenda kwenye duka la vyakula au duka la dawa ununue pakiti iliyofungwa yenye jina "bicarbonate de soude" au "bicarbonate de sodium". Hamira ya keki, ambayo kwenye pakiti huitwa "levure chimique", nayo si kitu kilekile. Imechanganywa na asidi na hupoteza nguvu inapokutana na jasho. Magadi ya kulainishia maharagwe ni makali kupita bikaboneti na hayafai kwa ngozi.

Cha nne ni nta ya nyuki, ambayo huhitajiwa wakati wa joto. Wauza asali ya misitu ya miombo wanaokaa kando ya barabara zinazoingia mjini mara nyingi wanayo au wanajua pa kuipata. Iyeyushe na uichuje kwa kitambaa kabla ya kuitumia, kwa maana huja na mabaki ya nyuki na ya moshi.

Kwa kopo moja dogo, tumia vijiko vitatu vya mezani vya mafuta ya nazi, vijiko vitatu vya mezani vya maizena, na kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti. Kuanzia Septemba ongeza vijiko viwili vya chai vya nta iliyoyeyushwa. Mapishi mengi yanayozunguka huweka bikaboneti nyingi kama maizena, na ndiyo sababu kubwa ya watu kulalamika kwamba deodoranti ya asili imewachoma. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, bikaboneti ni alkali, na kwapa linalosuguliwa na mkono siku nzima halina uvumilivu wa sehemu nyingine za mwili. Anza na kijiko kimoja. Baada ya wiki mbili bila mwasho, unaweza kufikia viwili.

Saga bikaboneti kwa mgongo wa kijiko hadi iwe laini kabisa, kisha ichekeche pamoja na maizena kwa kitambaa chepesi. Weka bakuli la mafuta na nta ndani ya sufuria yenye maji kidogo, juu ya mbabula yenye makaa machache, na uyeyushe taratibu bila kuruhusu maji yaingie kwenye bakuli. Nta huchelewa kuliko mafuta, isubiri. Ondoa motoni, mimina unga kidogo kidogo, na uendelee kukoroga mpaka mchanganyiko uanze kuwa mzito kama uji. Bikaboneti haiyeyuki ndani ya mafuta, kwa hiyo ukimimina kwenye kopo ikiwa bado maji, yote itazama chini, na mwezi wa mwisho wa kopo hilo utakuwa mkali kuliko wa kwanza. Mimina kwenye kopo safi lililokauka kabisa, funika, na utumie ndani ya miezi mitatu hivi. Manukato si ya lazima. Anayeyataka atie matone matatu au manne tu ya mafuta ya mlavenda au ya mti wa chai, na mama mjamzito ayaache.

Hatua ya saba: kujaribu na kupaka

Kabla ya kupaka kwapani, paka kiasi kidogo upande wa ndani wa kiwiko, asubuhi na jioni kwa siku mbili. Pakiwa pekundu, pakiwasha au pakitoka vipele, usiendelee. Tengeneza upya bila bikaboneti, ukiongeza maizena. Anayepaka krimu za kung'arisha ngozi awe mwangalifu maradufu, kwa sababu baadhi ya krimu hizo hudhoofisha ngozi kiasi kwamba kitu kisichomdhuru jirani kitamchoma yeye.

Kipimo cha kutosha kwa makwapa yote mawili ni kiasi cha punje ya njegere. Chota kwa kijiti au kwa kidole kilichooshwa, kiyeyushe kati ya vidole, paka, na usubiri dakika mbili kabla ya kuvaa. Kupaka zaidi hakuongezi ulinzi. Kunaongeza madoa ya mafuta kwenye shati. Siku za Oktoba utahitaji kurudia adhuhuri, lakini usipake juu ya jasho: futa kwanza kwa kitambaa chenye maji, kausha, kisha paka. Weka kitambaa hicho kwenye mfuko mdogo wa plastiki ndani ya mkoba wako, nawe utakuwa na nusu ya suluhisho popote uendapo.

Nguo

Mtu anaweza kufuata yote yaliyotangulia na bado akanuka dakika chache baada ya kuvaa, na kosa likawa la shati. Poliesta hushika misombo ya mafuta inayonuka na haiachii kwa urahisi kama pamba inavyoiachia, na nguo nyingi za mitumba, hasa fulana za michezo na mashati yasiyokunjamana, ni za poliesta. Zaidi ya hayo, nguo zilizovaliwa miaka mingi pamoja na kizuia jasho zina ukoko wa alumini kwapani, ambao huhisi mgumu ukiugusa. Geuza nguo ndani nje, loweka sehemu hiyo kwa nusu saa katika maji yenye siki nyeupe, sehemu moja ya siki kwa sehemu nne za maji, kisha fua kwa sabuni na uanike juani. Siki na javel visikutane kamwe, kwa kuwa hutoa hewa yenye sumu. Nguo isiyopona baada ya kuloweka mara mbili au tatu iwe ya kazi za nyumbani.

Kwa kazini, shati la pamba lisilobana kwapani, au kikwembe cha pamba kilichoshonwa na fundi aliyeelekezwa kuacha nafasi ya mkono, hukausha jasho haraka kuliko nguo yoyote ya kubana. Mwambie fundi mapema, maana mtindo wa sasa unabana. Fulana nyepesi ya pamba ya ndani, inayobadilishwa kila siku, hulinda shati la juu dhidi ya jasho na mafuta.

Mambo yanapokwenda kombo

Wekundu na mwasho vikitokea baada ya wiki kadhaa, acha kila kitu isipokuwa maji na sabuni kwa siku chache, kisha rudi bila bikaboneti. Ngozi ya kwapa ikiwa inazidi kuwa nyeusi, chanzo mara nyingi ni mwasho wa muda mrefu au msuguano, na dawa yake ni kuondoa kinachowasha, si kuisugua kwa nguvu. Harufu ikibaki kali hata baada ya wiki sita za kuoga vizuri, jaribu shabu kama huna tatizo nayo, au maziwa ya magnesia yasiyo na ladha, yakipakwa kidogo na kuachwa yakauke. Ni alkali lakini kwa wengi hayachomi kama bikaboneti. Na kurudi kwenye kizuia jasho kwa siku ya sherehe au ya kusafiri hakuharibu chochote ulichojenga. Kipake usiku juu ya ngozi kavu, wakati jasho ni kidogo, kwa kuwa ndipo kinapofanya kazi vizuri zaidi.

Kuna hali ambazo si za deodoranti kabisa. Majipu yanayorudi mahali palepale kwapani, yanayopasuka na kuacha makovu au vijia vya usaha, yaonwe na daktari mapema badala ya kukamuliwa nyumbani. Jasho linalotiririka viganjani na kwapani hata umekaa kivulini kwenye baridi ya Julai lina matibabu yake, na kizuia jasho chenye nguvu ni mojawapo; mtu wa namna hiyo asijilaumu kwa kutoweza kuhamia vitu vya asili. Jasho la usiku linalolowesha shuka, likiambatana na kupungua uzito, homa au kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, linahitaji kipimo cha kifua kikuu katika kituo cha afya kilicho karibu, kabla hujafikiria habari ya kopo lolote.